Naanzisha ofisi yangu ya ushauri nasaha, nitumie programu gani za bei nafuu?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Kilifi, nimelifupisha: "Mi ni mshauri nasaha mwenye leseni, nimefanya kazi hospitali miaka sita, sasa nimekodi chumba kimoja mjini nijitegemee. Kwa sasa natumia WhatsApp yangu ya kawaida, simu na kaunta buku tatu, yale madaftari makubwa, za habari za wateja. Wenzangu wa Nairobi wananiambia ninunue programu ya Marekani ya kuendesha kliniki, kama dola 50 kwa mwezi, na bajeti yangu ya mambo ya mtandao ni shilingi elfu mbili. Nifanye nini? Na hizi kaunta buku nizipeleke wapi?"

Dadangu, kwanza hongera, kutoka kwenye mshahara ukaingia kwenye chumba chako mwenyewe si jambo dogo. Jibu fupi ni usinunue ile programu ya dola 50. Si kwamba ni mbaya, ila imetengenezwa kwa watu ambao kazi yao kubwa ni kudai pesa kwa bima za Marekani, na wewe wateja wako watalipa kwa M-Pesa au mkononi, kwa hivyo utakua unalipia vitu ambavyo hutavigusa hata siku moja. Unachohitaji ni kalenda, barua pepe, mahali pa kuweka mafaili, njia ya kuonana kwa video na jedwali la pesa. Basi. Hivyo vyote viko kwenye Google Workspace ile ya chini kabisa wanayoiita Business Starter, ni kati ya dola 7 na 9 hivi kwa mtu mmoja kwa mwezi kutegemea umejifunga mwaka au unalipa mwezi mwezi, yani shilingi elfu moja na kitu. Kama umezoea Word na Excel basi Microsoft 365 Business Basic nayo iko bei hizo hizo na ina Teams ya kuonana kwa video. Chagua moja ukae nayo, usiweke kalenda huku na mafaili kule, kwa sababu siku ya siku hutakumbuka habari za mteja ziko wapi na hapo ndo zinapovuja.

Mi natumia ya Google kwa hivyo nitaeleza hiyo.

Lakini kabla ya programu kuna swali moja najiuliza kwa kila kitu ninachofungua, na nakuomba na wewe ulichukue: hiki kitu kitaonyesha nini, na kwenye skrini ya nani? Nilijifunza hili kwa uchungu. Mwaka wangu wa pili na ofisi yangu hapa Mombasa nilimtumia mteja mmoja mwaliko wa kalenda kwa barua pepe, na kichwa cha mwaliko nikaandika ushauri, kikao cha tatu, mambo ya nyumbani. Mi naona nimepanga kazi yangu vizuri. Kumbe ile akaunti ya barua pepe alifunguliwa zamani na mumewe na imeingizwa kwenye tableti ya nyumbani ambayo watoto wanachezea gemu, na jioni wamekaa wote sebuleni ule ujumbe ukatokea juu kabisa. Alinipigia mara moja tu kunieleza, hakunilaumu hata kidogo, na ndio ilioniuma zaidi. Hakurudi tena. Programu ilifanya kazi yake sawasawa, mimi ndo nilieandika vile.

Huku kwetu simu ya mtu si ya mtu peke yake. Mke ana paswadi ya mume, mama anapokea simu ya binti yake, mtoto anashika simu ya baba kuangalia katuni, na mji kama Kilifi mtu akishushwa na bodaboda mlangoni kwako mara mbili tu mtaa ushaanza kuuliza. Vitabu vya usalama wa mtandao vinazungumza sana juu ya wadukuzi. Wapo, nitafika huko, lakini kwa mteja wako wa kawaida hatari ya kwanza si mdukuzi wa mbali, ni mtu anaekaa nae kochi moja.

Kwa hivyo tuanze na kalenda. Kichwa cha kila mwaliko kiwe "Miadi" na namba ya mteja, hakuna jina lake wala neno ushauri. Na kama si lazima usimtumie mwaliko kabisa, weka kwenye kalenda yako tu alafu umkumbushe kwa njia mlioelewana. Kikao cha kwanza kabisa, kabla hata hajaanza kukueleza shida, muulize: nikikutumia ujumbe nani mwengine anaweza kuuona? Na saa ngapi ni salama kukupigia? Andika majibu yake. Wengine watakwambia nitumie tu haina shida, wengine watakwambia usinitumie kitu mi mwenyewe nitakuja, na huyo wa pili usimsahau hata siku moja. Ujumbe wangu mi wa kukumbusha uko hivi: "Habari, kesho saa nne asubuhi kama tulivyopanga." Hata mtu akiusoma anaweza kudhani ni fundi cherehani.

Na hilo la saa nne nimeandika kwa makusudi. Ukiiachia kalenda itume vikumbusho vyenyewe itaandika 10:00, na kuna wateja, hasa mama zetu, watakaosoma saa kumi na wakaja saa kumi jioni. Imenitokea si mara moja. Andika kwa maneno, saa nne asubuhi, saa tisa mchana, wala usione uvivu.

Kitu kizuri kwenye hiyo kalenda ni ukurasa wa kuweka miadi, hata akaunti ya bure inakupa mmoja. Unaweka saa zako za kazi, unatuma linki, mtu anachagua mwenyewe. Weka kikao dakika 50 na acha nafasi ya dakika 30 kati ya mteja na mteja. Wengi wanaacha dakika 10 waandike noti zao, lakini we una chumba kimoja na benchi moja nje, usipoacha nafasi yule anaetoka atakutana na yule anaengoja na wanaweza kuwa mtu na wifi yake. Dakika 30 ni pesa unapoteza, najua, ila kwa mji mdogo ndio bei yake.

Sasa pesa, hapa watu wengi hawafikirii. Usipokee malipo kwa namba yako binafsi, fungua tili ya Lipa na M-Pesa. Faida ya kwanza ni hesabu, hela ya ofisi haichanganyiki na ya chama na ya mboga. Ya pili ndo kubwa: mteja akilipa, kwenye simu yake unabaki ujumbe unaosema amelipa shilingi kadhaa kwa jina fulani, na ule ujumbe utakaa pale miezi. Jina la tili ndo litakalosomwa. Ukiita "Kituo cha Ushauri wa Ndoa" umemtangaza mteja wako mwenyewe. Sajili jina la biashara lisilosema kitu, jina la ua, la mti, la mtaa, neno kama "Huduma" au "Enterprises" nyuma yake, inatosha. Na anaetaka kulipa mkononi mpokee bila maneno, pengine ana sababu ambayo hajakwambia.

Risiti nazo hivyo hivyo. KRA, wale wa kodi, wanataka invoisi za eTIMS, yani zinazopita kwenye mfumo wao wa mtandaoni, na kwa biashara ndogo unaweza kuzitoa kwa njia ya eTIMS Lite bila kununua mashine yoyote, hata kwa simu kwa kupiga *222#. Pale pa kueleza huduma andika huduma za kitaalamu, usiandike ugonjwa wala aina ya shida. Kama mteja anataka karatasi ya kupeleka kwa bima au kwa mwajiri wake iwe na maelezo zaidi, mpe, lakini atie sahihi kwanza kwamba yeye ndie ameomba na anajua kilichoandikwa ndani.

Jedwali la pesa ni Google Sheets tu, safu sita zinatosha: tarehe, namba ya mteja, kiasi, ada ya muamala wa M-Pesa, namba ya invoisi, deni. Hakuna jina. Mwisho wa mwaka mtu wa hesabu akija unampa hilo jedwali. Angalia tu usimpe taarifa nzima ya tili kwa barua pepe bila kufikiri, mle ndani majina ya waliolipa yanasoma, kaa nae muipitie pamoja ofisini.

Noti za vikao. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo roho ya swali lako hata kama hukuliuliza hivyo.

Kila mteja mpe namba, kwa mfano 26-014, mwaka na nafasi yake. Orodha inayounganisha namba na majina iwe mahali pengine kabisa, mi yangu iko kwenye daftari dogo ndani ya kabati la chuma, haiko mtandaoni. Hata mtu akiingia kwenye akaunti yangu yote leo atakuta 26-014 ana usingizi mbaya na hatajua ni nani. Ndani ya noti pia usiweke vitu vinavyomtambulisha bila jina, ukiandika "mwalimu mkuu wa shule ya msingi pale karibu na daraja" umeshamtaja, Kilifi nzima inajua ni nani.

Alafu ziandike fupi. Mi nafuata mpangilio wa kawaida, mteja kasema nini kwa ufupi, mimi nimeona nini, naelewaje hali, tunafanya nini kikao kijacho. Mistari kumi. Visa vyenyewe, nani kalala na nani, nani kaiba shamba la urithi, haviingii isipokua vinahusu usalama wa mtu. Tena ziandike kama vile mteja atazisoma, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa haki ya kuomba kuona taarifa zake, na akiziomba usije ukaona haya na maneno yako.

Nina sababu nyengine ya kusisitiza hili. Mpaka Januari 2025 Mahakama Kuu ilipotangaza kifungu cha 226 cha kanuni za adhabu kua kinapingana na katiba, kujaribu kujiua ilikua ni kosa la jinai hapa Kenya. Fikiria miaka yote hiyo mshauri akiandika kwenye karatasi kwamba mteja wake alikunywa sumu Jumamosi, alikua ameandika nini? Mambo ya sheria yanabadilika na yanaweza kubadilika tena upande wowote, lakini ulichoandika kinabaki pale pale. Andika hatari ulioiona na hatua ulizochukua, kwa maneno ambayo yanamlinda mtu.

Kuziweka: kwenye Drive ya hiyo Workspace, ndani ya folda iliofungwa na Cryptomator. Hiyo ni programu ya bure kwa kompyuta, inafunga mafaili kwa paswadi kabla hayajapanda mtandaoni, kwa hivyo hata anaefungua Drive yako anakuta vitu visivyosomeka. Ubaya wake mmoja tu, ukisahau paswadi na hukutunza ule ufunguo wake wa kurejesha, hakuna ofisi ya kupiga simu, zimekwenda. Iandike kwenye karatasi, itie kwenye bahasha, ifunge na gundi, weka mahali ambapo wosia na hati za nyumba zinakaa. Na kama laptopu yako ni ya Windows angalia pia kwenye mipangilio kama diski yenyewe inafungwa, maana laptopu kuibiwa kwenye matatu ni jambo la kila siku.

Google Docs kuna kitufe cha kushiriki kinachosema mtu yeyote mwenye linki anaweza kuona. Usikiguse kwenye faili lolote la mteja. Hata kwa msimamizi wako wa kitaalamu, usimtumie linki ya namna hiyo, mwalike kwa barua pepe yake mwenyewe na ukimaliza umuondoe.

Utashawishika pia kubandika noti zako kwenye hizi programu za akili bandia za bure zikuandikie vizuri, au kuweka kile kifaa kinachosikiliza kikao na kutoa muhtasari. Naelewa, umechoka, ni saa mbili usiku na una noti tano. Usifanye. Mteja amekueleza wewe, hajaieleza kampuni, na kwenye akaunti nyingi za bure yale maneno yanaweza kutumika kuifundisha hiyo mashine. Ukitaka ikusaidie kuandika barua ya kuomba mkopo au tangazo la ofisi, sawa, hilo halina mteja ndani.

Akaunti yenyewe ilinde. Weka uthibitisho wa hatua mbili, na usitegemee ile ya SMS kwa sababu wizi wa laini za simu tunaujua sote, tumia programu ya Authenticator, ile inayokupa namba za kuingilia, au passkey, ile ya kuingia kwa alama ya kidole au kufuli la simu. Google watakupa namba kumi za siri za dharura, zichape au ziandike uziweke ndani ya lile kabati. Paswadi zote zitunze kwenye Bitwarden, ya bure inatosha kabisa kwa mtu mmoja. Na leo hii kabla hujalala nenda kwenye mipangilio ya simu yako uzime ujumbe usisomeke skrini ikiwa imefungwa, maana na wewe una watoto na wadogo zako nyumbani, si wateja peke yao.

WhatsApp sasa, kwa sababu hata uwe na programu gani wateja watakutafuta hapo. Nunua laini mpya, weka WhatsApp Business, ni bure. Ile yako ya kawaida yenye picha za harusi na stetasi za kanisani au msikitini ibaki ya jamaa. Kwenye ile ya kazi jina liwe lile lile lisilosema kitu la kwenye tili, picha iwe ua au maandishi tu. Washa ujumbe wa kujifuta, siku 7 inatosha kwa mambo ya miadi. Alafu ingia kwenye mipangilio ya bakapu, yani nakala ya akiba ya mazungumzo, uwashe ile bakapu iliofungwa kwa paswadi, kwa sababu mazungumzo yenyewe yamefungwa njiani lakini bakapu inayopanda Google Drive haijafungwa hivyo mpaka uiwashe mwenyewe, na wengi hawajui. Ukifungua WhatsApp kwenye kompyuta ya saiba, toka, alafu angalia kwenye simu orodha ya vifaa vilivyounganishwa uhakikishe hakuna kilichobaki.

Majina kwenye simu usiyasevu kama "Mama Zuhura depreshen". Namba tu, 26-014. Zile programu za kutambua nani anapiga zinakusanya majina kwenye simu za watu, na jina ulilompa mteja wako linaweza kumtokea mwenzako siku huyo mtu akimpigia. Usiweke programu ya namna hiyo kwenye simu ya kazi kabisa.

Weka ujumbe wa kujibu wenyewe usiku. Wangu unasema ofisi imefungwa, nitajibu kesho asubuhi, na kama hali ni ya dharura au unafikiria kujidhuru piga 1199, ni laini ya bure ya Msalaba Mwekundu Kenya, au nenda hospitali ilio karibu. Mtu anaekuandikia saa nane za usiku asiachwe na tiki mbili za kijivu.

Na stetasi, nakuomba kwa mapenzi yote, usiandike "leo nimesikia kisa cha kuhuzunisha" hata bila jina. Yule mteja ataisoma. Atajua ni yeye.

Vikao vya video ni rahisi. Zoom ya bure inakata dakika 40, na dakika ya 40 ndo mtu anaanza kulia, kwa hivyo hiyo iache. Google Meet watu wawili mnaweza kukaa hata mchana kutwa, na kwenye Starter haina kurekodi, nami nashukuru haina. Wengi wa wateja wangu wanapenda sauti tu, bando inakula kidogo na mtu anaweza kuzungumza akiwa amekaa ndani ya gari au nyuma ya nyumba. Mwanzo wa kila kikao cha mbali uliza mambo matatu: uko wapi sasa hivi, uko peke yako, na nikikukosa ghafla nimpigie nani. Elewaneni pia neno la siri la kuonyesha mtu ameingia chumbani, kwa wangu mmoja ni "bei ya samaki", akisema tu bei ya samaki mi nageuka muuza samaki mpaka aniambie basi. Mtandao ukikatika, muelewane kabla kwamba wewe ndie utakaepiga simu ya kawaida, yeye asihangaike na salio.

Utapata pia dada zetu walioko Ghuba, kwa pwani hii hukosi, kila mtaa una binti yuko kule. Walioko Dubai simu za WhatsApp hazishiki lakini Zoom na Teams zinafanya kazi. Hapa uwe mkweli kwamba leseni yako ni ya Kenya, na akiwa hatarini huwezi kumtumia mtu mlangoni, kwa hivyo kabla hujamchukua mpate jamaa au rafiki alioko kule kule anaeweza kumfikia. Simu zao pia mara nyingi zinashikwa na tajiri aliewaajiri, kwa hivyo yale maswali ya nani anaona yaulize mara mbili.

Sheria, nipite haraka ila usiiruke. Wengi wanadhani ofisi ndogo haihusiki na Kamishna wa Ulinzi wa Data kwa sababu wamesikia chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya kumi umesamehewa kujisajili. Msamaha huo haukuhusu wewe. Kanuni za usajili za 2021 zimetaja shughuli ambazo lazima zisajiliwe hata ziwe ndogo vipi na huduma za afya zimo. Unajisajili mtandaoni, ada ya wadogo ni shilingi 4,000 na cheti kinakaa miezi 24, itengee kwenye bajeti yako ya mwaka. Ikitokea taarifa zimevuja na kuna hatari kwa mteja una saa 72 kumjulisha Kamishna, kwa hivyo laptopu ikiibiwa Ijumaa usingoje Jumatatu ndo uanze kufikiri.

Na kuna hili la kifungu cha 49 cha ile Sheria ya Ulinzi wa Data: taarifa nyeti, na za afya ni nyeti, zikichakatwa nje ya Kenya inatakiwa mteja akubali na uwe na uhakika zinalindwa. Kompyuta za Google haziko Kilifi. Kwa hivyo kwenye fomu yako ya kukubali huduma ongeza maneno kama haya, kwa Kiswahili ambacho mtu anakielewa: "Maelezo mafupi ya vikao vyako nayaandika kwa namba bila jina lako, nayafunga kwa paswadi, na yanahifadhiwa kwenye kompyuta za kampuni zilizo nje ya Kenya. Ukitaka yako yabaki kwenye karatasi tu, niambie, huduma haitabadilika." Ile sentensi ya mwisho iwe kweli. Mi nina wateja kadhaa ambao wamechagua karatasi na nimewaandikia karatasi.

Fomu ya kujisajili mteja mpya unaweza kutumia Google Forms lakini iwe na vitu vitatu tu, namba ya simu, siku anazoweza kuja, na njia salama ya kumfikia. Usiulize shida yake kwenye fomu. Nimeona fomu za wenzetu zina maswali 40, umewahi kubakwa, umewahi kufikiria kujiua, ndio, hapana, mtu anajaza akiwa kwenye foleni ya benki. Maswali hayo yanaulizwa na mtu, ndani ya chumba, na kuna maji ya kunywa mezani.

Ukija kuajiri binti wa kupokea wateja mfungulie akaunti yake, usimpe paswadi yako. Kalenda yako mshirikishe ile hali ya kuona tu kama una nafasi au huna. Haina haja ajue zaidi ya hapo, na akiulizwa mtaani atakua hasemi uongo akisema hajui.

Hesabu yako basi: Workspace elfu moja na kidogo, domeini ya .co.ke, yani jina la ofisi yako mtandaoni, ni kama elfu kwa mwaka, hizo nyengine zote ni bure, kinachobaki ni bando. Elfu mbili inatosha. Kama mwezi wa kwanza hata hiyo elfu haipo, anza na Gmail mpya ya bure ya kazi tu kwa kalenda na Meet, na noti zibaki kwenye karatasi mpaka uweze. Usianze na noti mtandaoni kwanza na ulinzi baadae.

Zile kaunta buku tatu. Najua mkono unakuwasha uzipige picha na simu zote ziingie kwenye mfumo. Usizipige. Picha zikipigwa na simu zinaweza kupanda zenyewe kwenye Google Photos, na mwaka kesho tarehe kama hii inaweza kukuletea kumbukumbu na muziki wake, ukurasa wa mtu katikati ya picha za Idi, na simu iko mkononi kwa mtoto. Nunua kabati la chuma la kufuli, la mtumba linatosha, ziweke humo. Wateja ambao bado wanakuja wape namba, na kikao kijacho cha kila mmoja andika noti yake mpya kwa mtindo mpya, mistari kumi, usinakili ya zamani. Wale ambao hawaji tena wabaki kwenye kitabu. Muulize mtu wa Bodi ya Washauri na Wanasaikolojia, ile iliokupa leseni, wanataka rekodi zikae muda gani, andika hiyo tarehe juu ya jalada la kila kitabu kwa kalamu nyekundu, na siku hiyo ikifika uzichome mwenyewe, usimpe mtu.